Nimebadilisha volumu ya gitaa, makali yamepotea: pikapu zimekufa?

"Shikamoo fundi. Mimi napiga solo kwenye kwaya moja hapa Ujiji. Gitaa langu ni la China mtindo wa Strat ya Fender, pikapu (zile zinazonasa sauti chini ya nyuzi) tatu singo koili, yani kila moja ina koili moja. Volumu ilianza kukwaruza ikafika mahali inakata sauti katikati ya wimbo, nikapeleka kwa fundi redio Mwanga akaniwekea nyingine mpya, imeandikwa B50K. Kukwaruza kumeisha ila sauti imekuwa nzito, haikati tena, nikiingia kwenye sebene zile nyuzi nyembamba zinasikika kama zimezibwa. Sauti yenyewe haijapungua sana, ni makali tu yameondoka. Mpiga besi wetu anasema pikapu zimeungua wakati wa kulehemu ninunue mpya, mwingine anasema niweke ya 1M maana kubwa ndo ina nguvu. Nyumbani natumia amplifaya ndogo ya gitaa, kanisani tunachomeka moja kwa moja kwenye miksa na kule ndo balaa zaidi, ingawa kule hata zamani hakukuwa kuzuri. Nifanyeje kabla sijatoa hela?"

Marahaba mdogo wangu. Umefanya la maana kutaja kilichoandikwa mgongoni mwa hiyo volumu, maana wengi wananiandikia tu "gitaa langu lina sauti mbaya" halafu mtu nabaki nabahatisha. Hofu yako ni kwamba pikapu zimeungua na sasa utoe hela ya seti nzima. Kwa maelezo uliyotoa mimi naona pikapu zako ni nzima, na kinacholiziba gitaa ni hiyo 50k (k ni elfu ya omu, M ni milioni). Ila kuna kitu umekitupia mwishoni kabisa kama hakina uzito, habari ya miksa, hicho nacho ni nusu ya jibu, tutafika huko.

Kwanza tuitoe hiyo hofu kwa kupima, sio kwa kubishana na mpiga besi. Azima mita kwa fundi yeyote wa redio. Chomeka kebo kwenye gitaa lakini upande wa pili usichomeke popote, weka mita kwenye omu, skeli ya 200k, fungua volumu mpaka mwisho, waya mmoja wa mita uguse ile ncha ya plagi na mwingine uguse mwili wa plagi. Swichi iweke pikapu ya nyuma. Singo koili nzima huwa inasoma kati ya 5k na 7k hivi. Kwako itasoma pungufu kidogo kwasababu poti, yani hiyo volumu yenyewe, iko sambamba na pikapu, mfano pikapu ya 6k ikiwa na poti ya 50k mita itakuonyesha kama 5.4k, usishtuke. Ukiona imesoma 50k au karibu na hapo basi koili imekatika, yani mita haioni pikapu kabisa, inaiona poti peke yake. Ukiona sifuri kuna waya umegusana mahali. Zile nafasi mbili za katikati ya swichi ambapo pikapu mbili zinalia pamoja zitasoma kama nusu, 2.7k au 3k, na hapo napo hamna shida. Halafu kiukweli, moto wa kulehemu kwenye miguu ya poti hauendi mpaka kwenye koili, njia ni ndefu na waya ni mwembamba, kwahiyo hiyo hadithi ya kuungua mimi naiweka pembeni mpaka mita iseme vingine.

Sasa kwanini 50k izibe gitaa wakati umefungua mpaka mwisho? Hapa ndo wengi wanapotea. Mtu anadhani poti inafanya kazi pale unapoizungusha tu, ukiifungua yote inakuwa kama haipo. Iangalie vizuri, ina miguu mitatu. Mguu wa pembeni mmoja unapokea pikapu, wa katikati unaenda kwenye jeki, wa pembeni mwingine umeunganishwa na athi. Kati ya ile miguu miwili ya pembeni kuna kipande cha kaboni, na hicho kipande ndo hiyo 50k yenyewe, kipo pale muda wote hata ukiwa umefungua namba 10. Maana yake kila unachopiga, kabla hakijafika kwenye kebo, kinakuta njia ya pembeni inayoshuka kwenye athi. Njia yenye 250k inapitisha kidogo. Yenye 50k inapitisha mara tano ya hapo.

Utaniuliza mbona basi sauti haikupungua yote kwa pamoja, yameondoka makali tu? Kwasababu pikapu sio betri. Ni koili, mizunguko kama 8,000 ya waya mwembamba kama unywele, na koili ina tabia ya kuukataa umeme unaobadilika haraka, yani kadri sauti inavyokuwa kali ndo koili inavyozidi kuwa ngumu. Nyuzi za chini zile nene zinaiona pikapu kama kitu cha 6k tu, sasa 6k ukiilinganisha na 50k ni kitu kidogo, unapoteza kama desibeli 1, sikio halistuki. Lakini ukipanda juu kwenye masafa makali pikapu ile ile inajionyesha kama makumi ya k, hapo 50k inaanza kuwa mzigo kweli kweli.

Na kuna kitu kingine hapo ambacho ndo siri yenyewe ya sauti ya gitaa la umeme. Koili ikikutana na kebo yako, ambayo nayo inatunza chaji kidogo, mara nyingi kama pikofaradi 100 kwa kila mita, zinatengeneza kilele mahali fulani, yani masafa fulani yanabebwa juu kuliko mengine halafu yanayofuata yanaporomoka. Pikapu ya Strat ina kama henri 2.4, kebo ya mita 6 ni kama pikofaradi 600, ukipiga hesabu kilele kinakaa karibu na hezi 4,200. Hapo ndo inapoishi ile "kuchana" ya gitaa, ule mlio wa plekta kwenye waya, kile kinachofanya solo isikike hata kwaya nzima ikiwa imefungua midomo. Chukulia bembea ya watoto: ukiisukuma kwa wakati wake inapanda yenyewe, mtu akiburuza miguu chini bado itaenda kwa mwendo ule ule ila haipandi. Poti ndo hiyo miguu inayoburuza. Haikihamishi kilele, inakishusha urefu.

Tuweke namba. Gitaa la aina yako likiwa la kawaida lina volumu ya 250k na toni ya 250k, na kwa sauti kali hizo mbili zinakuwa sambamba, unapata 125k, ongeza na input ya amplifaya ambayo huwa ni kama 1M, unabaki na mzigo wa kama 111k. Lako sasa hivi: 50k, toni 250k, amplifaya 1M, jumla inakuwa 40k tu. Koili na hiyo kebo pale kwenye kilele zina kipimo chao kama 63k, mzigo wako ukiwa juu ya hapo kilele kinasimama, ukiwa chini ya hapo kilele hakuna, sauti inaanza kuporomoka mapema kabla hata haijafika kwenye makali. Kwa hesabu ya karatasi, 111k inakupa kama desibeli 5 za kupanda pale kwenye hezi 4,200, na 40k inakupa desibeli 4 za kushuka. Hiyo ni tofauti ya desibeli 9 mahali pale pale solo inapotakiwa kukata! Kwenye gitaa halisi inapungua kidogo maana chuma na sumaku navyo vinakula chake, ila bado ni nyingi, na ndo hasa hicho unachokisikia.

Fundi wako wa Mwanga usimlaumu. Kwenye redio na sabufa 10k, 50k na 100k ndo volumu za kawaida na zinafanya kazi vizuri, kwasababu kabla ya volumu huko kuna saketi yenye umeme inayosukuma. Pikapu ya gitaa haina kinachoisukuma, inaishi kwa mtikisiko wa waya tu, kwahiyo ukiitwisha mzigo inachoka. Ndo maana pia magitaa yenye pikapu aktivu zinazotumia betri ya volti 9, kama EMG, yanawekwa poti za 25k na yanalia safi kabisa, maana mle ndani kuna kiamplifaya kidogo. Kwahiyo 50k sio mbovu, iko nyumba isiyo yake.

Huyo wa 1M sasa. Kasema nusu ya kweli. Poti kubwa haiongezi nguvu ya pikapu hata kidogo, inapunguza mzigo, na kinachoongezeka ni kile kilele tu. Ukiweka 500k kwenye volumu na toni mzigo wako na amplifaya unafika kama 200k, kilele kinapanda tena, kwenye karatasi ni kama desibeli 10. Kwa singo koili hapo masikio mengine yanaanza kulalamika, sauti inakuwa nyembamba, inachoma, hasa pikapu ya nyuma ambayo kwenye waya za Strat za asili haina hata toni. Fender walizoea 250k kwenye singo koili zao, Gibson 500k kwenye hambaka kwasababu hambaka ina koili mbili, henri nyingi zaidi, kilele chake kinakaa chini zaidi na kinahitaji kuachiwa kipumue. Lakini hiyo sio amri. Fender hao hao walipotoa gitaa la Jazzmaster mwaka 1958 waliiweka poti za 1M na ni singo koili, na Gibson miaka ya 1970 walikuwa wanaweka volumu za 300k kwenye hambaka. Ni ladha. Ubaya wa 1M unakuja unapopunguza volumu: poti ikiwa katikati inasimama kama ukinzani kati ya pikapu na kebo, kebo inaanza kumeza makali, na poti ikiwa kubwa inameza zaidi. Kwa mpiga kwaya anayeshusha volumu wakati wa maombi halafu anapandisha kwenye pambio, hicho kitu utakichukia haraka sana.

Na hapo hapo kwenye kushusha, angalia ile herufi. B kwenye poti nyingi za China na Japani maana yake inapungua sawasawa kwa kipimo, ila sikio letu halisikii hivyo. Ukiwa na B unaishusha mpaka namba 5 unaona kama haijatokea kitu, halafu kati ya 3 na 0 inaporomoka ghafla. Ya gitaa mimi napendelea A, inashuka kama sikio linavyotaka. Wapo wanaopenda B na siwagombezi.

Kwahiyo nunua A250K. Moja. Kabla ya kununua pima upana wa poti ya zamani kama fundi hajaitupa, magitaa mengi ya China yanachukua ile ndogo ya milimita 16, zile kubwa za CTS za milimita 24 shingo yake ni nene utalazimika kuchonga tundu, na angalia kama mhimili wake una meno au ni mviringo usije ukanunua poti kitufe kikagoma kuingia. Huku Tabora na huko Kigoma mjini kuipata dukani ni bahati, agiza Kariakoo kwa mtu wa vyombo vya muziki itakuja na basi au kwenye treni na mzigo wa mtu. Ikifika ipime kwa mita kabla ya kuilehemu, maana zinaruhusiwa kupotea asilimia 20, iliyoandikwa 250k inaweza kuwa 200k au 300k na wote wanahesabika wako sawa. Hapo ndo unaelewa kwanini magitaa mawili ya aina moja yanalia tofauti halafu watu wanasema ni mbao.

Kama umepata A500K tu usiiache. Iweke, sikiliza kwanza, kwa sebene inaweza ikakupendeza, Kigoma mnasikia magitaa ya Kongo kila siku kutoka ng'ambo ya ziwa na ile sauti inataka makali. Sisi huku tumekulia kwa bendi za Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe, na sikio langu nalo linataka solo isikike kila noti. Ikikuchoma sana, mwambie fundi redio akupe rezista ya 470k, anazo, ni za kawaida mno, ailehemu kati ya miguu miwili ya pembeni ya poti. 500k na 470k sambamba ni kama 242k, umepata 250k yako kwa bei ya karanga na mwendo wa poti haubadiliki. Kinyume chake hakiwezekani ndugu yangu, rezista ya sambamba inashusha tu haipandishi, hiyo 50k huwezi kuiokoa.

Kapasita ya toni usiiguse. Kuna watu watakwambia badilisha ya maikrofaradi 0.047 uweke 0.022 sauti ifunguke, ila toni ikiwa imefunguliwa yote kapasita karibu haina kauli, kinachofanya kazi pale ni ile poti ya toni. Kapasita utaisikia ukishusha toni.

Haya, miksa. Umesema kanisani hata zamani hakukuwa kuzuri, na hiyo haitatibiwa na poti yoyote. Input ya laini ya miksa nyingi ni kama 10k mpaka 20k. Umeona hesabu hapo juu, tumelalamikia 50k, sasa hiyo 10k unaichomeka upande wa pili wa kebo nayo inakaa sambamba na kila kitu. Ungeweka poti ya 250k, ya 500k, ya 1M, jumla haitavuka 10k. Gitaa limezibwa kabla halijaanza. Halafu kebo za kanisani huwa ndefu, mita 15 hazishangazi, hizo ni kama pikofaradi 1,500 na kilele chako kinashuka kutoka hezi 4,200 mpaka kama 2,650, hapo sasa hata ungekuwa na amplifaya nzuri sauti ingekuwa na pua.

Angalia kwanza kama miksa yenu ina kitufe kimeandikwa Hi-Z (yani input ya ukinzani mkubwa) au kichoro cha gitaa kwenye chaneli moja, nyingi za siku hizi zinacho na hakuna anayekibonyeza. Kama hamna, omba kanisa linunue DI boksi, kile kiboksi cha kukaa kati ya gitaa na miksa, iwe aktivu, aktivu, sio ya kawaida isiyo na umeme, ikae karibu na miguu yako na kebo ya gitaa iwe fupi mita 3 au 5, kutoka kwenye DI mpaka kwenye miksa hata iwe mita 30 haijalishi. Kama hela hamna kabisa basi azima pedo ya efekti, nyingi za Boss hata efekti ikiwa imezimwa kwa mguu inapokea kwa kama 1M na kutoa kwa nguvu ya kutosha kuisukuma miksa, iweke tu hapo katikati. Kiukweli kama hela yako inatosha kitu kimoja tu mwezi huu na unapiga zaidi kanisani, mimi ningeanza na hiki. Ila poti ni bei ndogo, fanya vyote.

Na kupima bila kununua chochote: fungua bamba, chukua ule waya wa moto unaotoka kwenye swichi, utoe kwenye poti, toa pia ule wa mguu wa katikati wa poti unaoenda kwenye jeki, halafu hizo waya mbili zigusanishe moja kwa moja, athi iache ilivyo. Piga nyumbani kwenye amplifaya yako. Makali yakirudi umepata jibu lako na la mpiga besi kwa pamoja. Hapo utasikia zaidi hata ya 250k itakavyokupa, maana mzigo wa volumu haupo kabisa, usije ukakatishwa tamaa baadaye.

Kwenye kulehemu, ukiwa na mkono mwepesi hiyo ni kazi ya jioni moja, piga picha waya zote kabla hujagusa kitu. Mgongo wa poti ndo unasumbua, ni bati linalokula moto, chuma chembamba cha wati 25 kitakufanya ukae hapo mpaka kaboni ya ndani iungue, tafuta cha 40 au 60, kwangua kidogo mgongo, gusa haraka utoke. Ukimaliza gusa nyuzi: mvumo ukipungua uko sawa, usipobadilika kabisa au ukiongezeka ujue waya wa athi unaotoka kwenye daraja umekatika au umeunga kinyume.

Mita ikisoma 50k kwenye nafasi ya pikapu moja, acha kuhangaika mwenyewe, lete gitaa kwa mtu anayejua pikapu au badilisha hiyo moja tu, sio zote tatu. Mafundi wa kusuka mota watakwambia wanaweza kuisuka, waulize kwanza kama wana waya wa milimita 0.06, wengi hawana. Na kuna jambo moja ambalo sitaki ulijaribu hata kidogo: mdomo ukigusa maiki huku umeshika nyuzi ukapigwa na shoti, hata ndogo, weka gitaa chini siku hiyo hiyo. Hiyo haitoki kwenye poti, ni athi ya umeme wa jengo au jenereta au mtu kakata ule mguu wa tatu wa plagi ya amplifaya. Muiteni fundi umeme mwenye leseni aje apime soketi, na mpaka apime msipige.

Nitumie namba za mita za nafasi zote tano za swichi ukishapima.